Waridi la Sharifa Asma: mwongozo kamili wa kulipanda na kulitunza kwenye bustani ndogo

Ukipitia orodha ya mawaridi ya Kiingereza unakutana na majina ya wafalme, washairi na mabibi wa enzi zilizopita, kisha ghafla: Sharifa Asma. Jina hilo likiitwa Unguja au Maskati hakuna atakayeshtuka. Waridi lenyewe lilitolewa mwaka 1989 na David Austin, mzalishaji wa mawaridi wa Albrighton, Shropshire, nchini Uingereza, akalipa jina la mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Oman. Limetokana na mawaridi mengine mawili ya Austin huyohuyo, Mary Rose na Admired Miranda.

Tunaoishi Uingereza kwenye nyumba zenye kijibustani cha nyuma, fensi huku na fensi huku, tunalipenda kwa kuwa mmea wake hauna fujo. Unasimama wima, unafika mita moja hadi moja na robo, na upana wake ni kama sentimita 90. Ua ni la pinki hafifu, pinki ya ndani ya chaza. Linafunguka kama kikombe kipana kilichojaa petali, halafu petali za nje zinajikunja nyuma na kufifia hadi kukaribia weupe, huku katikati pakibaki na joto la rangi. Harufu yake ni nzito na ina utamu wa matunda. Wapo wanaosema ni zabibu nyeupe, wapo wanaosema forosadi. Mimi nipo upande wa forosadi.

Kasoro zake nazo uzijue kabla hujatoa pesa. Petali huungua zikipigwa na jua kali la mchana. Ua halidumu sana kwenye chombo cha maua. Na mwaka wa mvua nyingi majani hushikwa na madoa meusi kuliko mawaridi mapya ya Austin yaliyotolewa miaka ya karibuni. Kama unataka mwaridi wa kupanda na kuusahau, tafuta mwingine.

Kuhusu mtindo wa bustani: bustani ya kijumba cha shamba ya Kiingereza (cottage garden) ilianza kama bustani ya watu wasio na eneo. Kabichi, viungo vya mboga, mtofaa mmoja, mizinga ya nyuki, na maua yaliyopenyezwa kila palipobaki upenyo. Baadaye wabunifu wa bustani kama Gertrude Jekyll (1843–1932) wakaufanya mtindo huo kuwa sanaa. Uzuri wake ni mbanano: maua yanaegemeana, yanamwagika njiani, udongo hauonekani. Tatizo ni kwamba mwaridi hautaki kubanwa. Unataka upepo upite kati ya majani na chakula usichonyang'anywa. Karibu kila hatua hapa chini inajaribu kusuluhisha ugomvi huo, ili jicho lione mbanano na mwaridi upate hewa.

Kuchagua mahali

Hapa usiharakishe. Mwaridi ukishakaa miaka miwili mitatu, kuuhamisha ni kuusumbua.

Unatafuta sehemu inayopata jua la asubuhi hadi karibu saa saba mchana, kisha kivuli chepesi. Saa nne au tano za jua kwa siku zinatosha. Jua la asubuhi linakausha umande kwenye majani mapema, na jani kavu ni adui wa ukungu. Kivuli cha alasiri kinaokoa petali zisiungue. Bustani yako ikitazama kusini na jua linaipiga kutwa, panda mwaridi upande ambao kitu fulani, banda la zana au mti mdogo wa jirani, kitaukinga kuanzia saa tisa.

Usikisie. Siku moja ya Aprili au Mei yenye jua, chomeka vijiti kwenye ukingo wa kivuli saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa. Jioni vijiti vitakuonyesha sehemu ipi ina nini. Ukipima Desemba utadanganyika, kwa sababu jua la majira ya baridi liko chini mno na karibu bustani nzima ni kivuli.

Kaa mbali na ukuta na fensi kwa sentimita 60 angalau. Chini ya ukuta mvua haifiki vizuri, na hewa imesimama. Kaa mbali zaidi na uzio wa miti ya leylandii, maana mizizi yake inanyonya kila tone.

Halafu fikiria pua. Harufu ya waridi hili inapanda vizuri asubuhi yenye joto na utulivu, na upepo ukivuma inapotea. Ukilipanda mwisho wa bustani utakuwa unaliangalia tu kutoka dirisha la jikoni. Lipande unapopita kila siku: kando ya mlango wa nyuma, pembeni ya benchi, au njia ya kwenda kuanika nguo. Liache nusu hatua kutoka njiani, kwa sababu miiba ipo na watoto hawaangalii.

Sharti moja zaidi: usipande mahali palipong'olewa mwaridi mwingine. Udongo huo huchoka kwa namna ambayo mwaridi mpya unadumaa bila sababu inayoonekana. Kama huna pengine, chimba shimo la sentimita 60 kwa upana na 45 kwenda chini, utoe udongo wote na uweke mwingine kutoka sehemu ya bustani ambayo haijawahi kuwa na waridi. Udongo uliotolewa hauna ubaya kwa mimea mingine, umwage kwenye mboga.

Kununua mche

Miche inauzwa kwa namna mbili. Kuanzia Novemba hadi Machi unapata mche wa mizizi wazi: vijiti vitatu vinne na mizizi isiyo na udongo, imefungwa kwenye mfuko. Ukiuona mara ya kwanza utadhani umeibiwa. Usiogope. Mche huo umelala, ni wa bei nafuu kuliko wa kwenye chungu, na ukipandwa kipindi hicho unashika vizuri kwa kuwa mizizi inapata muda wa kutulia kabla ya majani. Miezi mingine unanunua ulio kwenye chungu, ambao unaweza kupandwa wakati wowote mradi ardhi haijaganda na uko tayari kumwagilia.

Kwenye mche wa mizizi wazi angalia mashina matatu au zaidi, manene kama penseli, ya kijani au kahawia yasiyosinyaa, na mizizi yenye matawi mengi. Kwenye chungu, kagua chini: mizizi ikiwa imezunguka na kuzunguka, mmea umekaa dukani muda mrefu.

Mche ukiletwa siku ambayo nje kumeganda, usiulazimishe. Uache kwenye mfuko wake, mizizi ikiwa na unyevu, kwenye banda baridi lisiloganda. Siku chache hazina neno. Zikizidi wiki, ufukie mizizi kwa muda kwenye ndoo ya mboji yenye unyevu.

Kuandaa udongo

Sehemu kubwa ya Midlands, yaani katikati ya Uingereza, na London udongo ni mfinyanzi. Chukua konzi moja lenye unyevu ulifinyange. Likikaa kama tonge na kung'aa ukilisugua kwa kidole, huo ni mfinyanzi. Watu wanaulaani, lakini mwaridi unaupenda, kwa sababu unashika maji na chakula. Kazi yako ni kuulegeza tu. Lima eneo la mita moja kwa mita moja, lipite upana wa shimo, na uchanganye ndoo mbili za samadi iliyooza au mboji. Samadi ya farasi inapatikana kirahisi kwenye vijiji vya huku, mara nyingi bure kwa mwenye gari la kubebea. Ihakikishe imeoza: isiwe na moto ndani, isinuke mkojo, na majani makavu yasionekane. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Udongo wa kichanga unahitaji samadi hiyohiyo, mara mbili yake. Kuhusu asidi, mwaridi unaridhika na pH kati ya 6 na 7. Kipimo cha dukani kinatosha.

Unga wa kuvu wa mizizi unaouzwa kwenye vifuko? Ukipewa, tumia. Pesa ikiwa ndogo, nunua samadi.

Kupanda

Loweka mizizi kwenye ndoo ya maji kwa muda wa saa mbili. Usiku mmoja si mbaya, siku mbili ni kuiozesha. Mche wa chungu nao uzamishe mpaka mapovu yaishe.

Chimba shimo la sentimita 40 kwa 40. Chini yake choma kwa uma wa bustani na kuuyumbisha, ili mizizi isikutane na sakafu ngumu. Tupia koleo moja la samadi iliyooza na uichanganye na udongo wa chini.

Sasa itazame shingo ya mche, pale mashina yanapokutana na mizizi. Utaona uvimbe. Hapo ndipo waridi lilipobebeshwa, yaani kuunganishwa, juu ya mizizi ya mwaridi wa porini. Kwa hali ya hewa ya Uingereza uvimbe huo uende chini ya udongo kiasi cha sentimita 5: jalidi haitaugusa, mmea hautayumba na upepo, na machipukizi ya porini yanapungua. Laza mpini wa koleo juu ya shimo, kutoka ukingo hadi ukingo, upate mstari wa usawa wa ardhi. Kisha pandisha au shusha mche mpaka uvimbe uwe vidole vitatu chini ya mpini.

Tandaza mizizi, kata iliyovunjika, rudisha udongo huku ukitikisa mche kidogo ujaze mapengo. Kanyaga kwa ncha ya kiatu pande zote, si kwa kisigino. Mwagilia lita kumi polepole, hata kama mvua inanyesha. Malizia na matandazo ya mboji au samadi, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse mashina.

Ukitaka shada kubwa haraka, panda miche mitatu kwa pembetatu, sentimita 45 hadi 50 kati ya mmoja na mwingine. Itafungamana na kuonekana kichaka kimoja. Kwa bustani ndogo, mmoja unatosha na bado utajaza kona.

Majirani wake

Ukipanda maua mengine kwa hamu, mwaridi utazama. Usipopanda, utakuwa na kijiti peke yake kwenye udongo, na hiyo si bustani ya kijumba.

Kanuni ninayoifuata: ndani ya sentimita 45 hadi 50 kutoka shina la mwaridi, hakuna kinachopandwa. Hapo ni matandazo tu. Mbanano unatokana na mimea iliyo nje ya duara hilo, inayoinama kuelekea ndani. Ikifika Juni udongo hauonekani tena, lakini shina la mwaridi limebaki wazi, hewa inapita, na mkono wako unafika kuokota majani yaliyoanguka.

Mbele weka mimea mifupi inayomwagika. Jerania ya kudumu ya bluu iitwayo Rozanne ndiyo chaguo langu la kwanza. Inachanua kuanzia Juni hadi baridi iingie, na bluu yake inaituliza pinki isionekane kama keki ya harusi. Mwaka 2013 ilichaguliwa kuwa mmea wa miaka mia moja ya maonyesho ya maua ya Chelsea, London. Ina uroho, inatambaa. Ikivuka mpaka ikate bila huruma, itachipua tena. Alkemila nayo ni nzuri, ile yenye majani yanayoshika matone ya mvua kama lulu, ila kata maua yake kabla hayajapukutisha mbegu. Nepeta, jamaa wa mnanaa anayependwa na paka, inafaa pia kama hujali paka wa mtaa mzima kugaragara hapo.

Nyuma weka virefu vyembamba: salvia za zambarau, kampanula, na dijitalisi zenye maua ya kengele. Hizi za mwisho ndizo roho ya bustani za Kiingereza, lakini mmea wote ni sumu inayogusa moyo, ndiyo maana dawa ya moyo ya digoksini inatokana na jamii yake. Nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni, iache.

Lavenda watu huipachika miguuni pa mwaridi kwenye kila picha. Ina shida: inataka udongo mkavu usio na mbolea, na mwaridi unataka kinyume. Ipande ukingoni kabisa, karibu na mawe ya njia, ambapo maji hayakai.

Kwa kuwa bustani hizi zilianza na mboga, usione haya kuchanganya. Vitunguu vya majani membamba (chives) vinatoa vishada vya zambarau vinavyopendeza. Giligilani uliyochelewa kuvuna, iache itoe maua. Maua yake madogo meupe yanawaita nzi wa maua, wale wenye mistari kama nyigu lakini hawaumi, na viwavi wa nzi hao wanakula vidukari. Mnanaa usiupande ardhini. Utapita chini kwa chini hadi kwa jirani. Uweke kwenye chungu.

Maji na mbolea

Mwaka wa kwanza ndio wa kujitoa. Kuanzia Aprili hadi Septemba, mvua isiponyesha, mwaridi mpya upewe lita 5 kila baada ya siku mbili au tatu. Ukishazoea, lita 5 kwa wiki zinatosha, na siku za joto kali mara mbili. Mwaga chini kwenye shina, polepole, asubuhi. Kunyunyizia majani jioni ni kuyaalika madoa meusi yalale hapo.

Mbolea mara mbili kwa mwaka: mwisho wa Machi majani yanapoanza kufunguka, na mwisho wa Juni au Julai wimbi la kwanza la maua likiisha. Tumia mbolea ya mawaridi ya chembechembe kwa kipimo cha pakiti, ikorogee kidogo juu ya udongo, umwagilie. Baada ya mwisho wa Julai usitoe tena, maana utaamsha machipukizi laini yatakayouawa na baridi ya Oktoba.

Kukata maua yaliyochoka

Sharifa Asma inachanua kwa mawimbi kuanzia Juni, na wimbi linalofuata linategemea mkasi wako. Ua likianza kumwaga petali, fuata kikonyo kwenda chini hadi jani la kwanza kamili lenye vijani vitano. Pale jani linapoungana na shina kuna nukta ndogo nyekundu au ya kijani. Hilo ndilo jicho. Kata juu yake kidogo. Baada ya wiki sita hivi patakuwa na ua jipya.

Maua huja kwa vishada, na si yote yanazeeka pamoja. Kata lililochoka peke yake kwanza, kishada kikiisha chote ndipo ushuke hadi kwenye jani.

Ukitaka ya ndani ya nyumba, kata asubuhi mapema, ua likiwa nusu limefunguka, na uzamishe kikonyo ndani ya maji mara moja. Petali za mmea usiopulizwa dawa zinaweza kutiwa kwenye chai au juu ya tambi za sukari za Idi. Ondoa ile ncha nyeupe ya chini, ina uchungu.

Kupogoa

Subiri mwisho wa Januari hadi mwanzoni mwa Machi, baridi kali ikiwa imepita lakini mmea bado haujaamka. Tumia mkasi wa kupogolea wenye makali, uliofutwa kwa spiriti, na glovu za ngozi zinazofika kwenye kiwiko.

Anza na maiti: kila shina kavu, lililosawijika au lenye jeraha, likate mpaka ukutane na nyama nyeupe ndani. Yanayopishana na kusuguana, toa moja. Vijiti vyembamba kuliko penseli katikati ya kichaka navyo vitoke, hapo ndipo unapofungua mlango wa hewa.

Kisha punguza urefu. Baridi ya kwanza tangu kupanda, gusa tu, robo hivi. Ya pili, theluthi. Kuanzia ya tatu, kati ya theluthi na nusu, na kila mwaka toa shina moja zee kabisa tangu chini ili jipya lipate nafasi. Ukiweza, kata juu ya jicho linalotazama nje ya kichaka, mkato uinamie upande wa pili maji yateremke. Ukilikosa jicho hakuna neno. Mwaridi wa kichaka unasamehe. Rudi hatua tatu nyuma utazame umbo. Kichaka cha mviringo kitakaa vizuri na maua ya jirani kuliko kilichokatwa bapa kama meza.

Wakati huo okota kila jani lililobaki mtini na chini. Usilitie kwenye mboji, litupe.

Machipukizi ya porini ni jambo jingine. Yanatoka chini ya ule uvimbe, mara nyingi yanakua kwa kasi na majani yake yana kijani tofauti. Usiyakate juu ya udongo, yatarudi mengi zaidi. Fukua mpaka yanapotokea kwenye mzizi, shika kwa nguvu, vuta kwenda chini yang'oke na kisigino chake.

Maradhi na wadudu

Madoa meusi ndiyo mgeni wa uhakika: duara jeusi lenye ukingo uliochanika, jani linageuka manjano na kuanguka. Ni kuvu inayohitaji jani lililolowa kwa saa kadhaa mfululizo ili iingie, kwa hiyo kila ulichofanya kuhusu jua la asubuhi, nafasi na kumwagilia chini ndiyo dawa yenyewe. Chuma majani yenye madoa mapema, okota yaliyoanguka, ongeza matandazo kila Machi yafunike mbegu za ukungu zilizobaki. Ikifika Septemba mwaridi ukiwa na majani nusu, usilie. Utaota upya.

Ubwiri unga, ule unga mweupe kwenye vichipukizi, kwa kawaida ni dalili ya kiu. Mwagilia kabla hujafikiria dawa. Kutu inaonekana chini ya jani kama vumbi la bizari. Kata tawi lote.

Vidukari wanajaa kwenye vichipukizi mwezi Mei. Wapangushe kwa vidole au uwapige na maji ya mpira, kisha vumilia wiki mbili. Vindege wanaolisha makinda na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni watakuja. Ukipuliza sumu unawaua walinzi pamoja na wezi, na nyuki juu yake. Majani yakiliwa yakabaki mishipa tu, tafuta viwavi vya kijani chenye manjano vyenye nukta nyeusi wakiwa wamejipanga ukingoni mwa jani, mikia juu. Waokote kwa mkono.

Uliyepanga nyumba: chungu

Chungu kiwe na kina na upana wa sentimita 45 au zaidi, chenye matundu. Tumia mchanganyiko wa udongo halisi uitwao John Innes namba 3, ukiongeza samadi iliyooza kama theluthi. Mboji tupu ya mifuko inasinyaa na kukauka. Majira ya joto mwagilia kila siku. Badilisha udongo wa juu, sentimita 5, kila Machi, na kila mwaka wa tatu utoe mmea wote, upunguze mizizi kidogo na uupe udongo mpya. Ukihama unauchukua.

Walioko nyumbani, nyanda za juu

Limuru, Lushoto au Njombe mwaridi wa aina hii unaweza kustawi. Mashamba yaliyo chini ya Mlima Kenya hukuza mawaridi ya Austin kwa ajili ya kukata. Mambo manne yanabadilika. Uvimbe wa shingo ukae usawa wa ardhi au juu yake kidogo, maana huko hakuna baridi kali kama ya Uingereza ya kuukinga nayo. Kivuli cha alasiri kinakuwa lazima, jua la mwinuko linachoma petali haraka. Mmea haulali, unachanua mzunguko baada ya mzunguko, kwa hiyo pogoa mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua kuanza (Limuru na Lushoto ni Februari hivi), na utoe majani yaliyobaki upumzike kidogo. Mbolea igawe kiasi kidogokidogo mwaka mzima badala ya mara mbili. Pwani, joto na unyevunyevu wa usiku vitaushinda. Huko asmini inalipa zaidi.

Na tafadhali usifunge mche ndani ya sanduku la nguo ukienda likizo. Kenya unahitaji kibali cha KEPHIS, taasisi ya serikali ya afya ya mimea, kabla mmea haujasafiri, Tanzania cha TPHPA, mamlaka kama hiyo ya huko, pamoja na cheti cha afya ya mmea kutoka Uingereza. Bila hivyo mche unaweza kuchukuliwa na kuteketezwa. Kuna njia rahisi zaidi: nenda kwa muuza miche wa karibu, mwambie unataka waridi la pinki, la kichaka kifupi, lenye harufu, kisha inama ulinuse kabla hujalipa.